Mume asiye na kadi: miaka minne kwenye kliniki ya wenza, Bukoba

Chumba cha mshauri kilikuwa na viti viwili, cha kwake na cha mgonjwa. Mke wangu alikaa. Mimi nilisimama nimeegemea kabati la mafaili, na kila aliyeingia kuchukua faili ilibidi nimpishe. Ilikuwa Agosti 2021. Naanza na kiti kwa sababu ukiniuliza kasoro kubwa ya huduma hii nitakutajia hicho kiti, na nitakieleza mbele. Ila msinielewe vibaya, anayeandika hapa ni mteja aliyeridhika. Miaka minne nimeingia na kutoka pale sina VVU, mke wangu anavyo, tuna watoto watatu ambao hawana, na katika muda wote huo hatukuwahi kuhamishana chumba.

Jina la kituo silitaji. Kuna watu nitawasema vibaya kidogo na sitaki mtu aitwe ofisini kwa ajili yangu. Kipo Bukoba mjini. Wenyeji watakijua kwa migomba iliyo nyuma ya jengo na kwa mlango ambao hautazami barabara.

Tulifika pale kwa njia ya mimba ya pili. Kliniki ya wajawazito ukienda na mume unahudumiwa mwanzo, kwa hiyo nilimsindikiza, mimi fundi cherehani, suti ya bwana harusi nimeiacha mezani haina mkono mmoja. Wakatutoboa vidole wote wawili. Kwangu mstari mmoja, kwake miwili. Wakarudia kwa kipimo cha aina nyingine, ikawa vile vile. Mimba ya kwanza, 2015, alipimwa akawa mzima. Baada ya hapo mimi nilikaa Geita miaka miwili nikishona, yeye akabaki huku. Ya huku na ya kule tuliyazungumza mbele ya mshauri na nimeyaacha mle mle chumbani. Swali alilotukataza lilikuwa moja, nani kaleta. Alisema, "Hilo halina dawa kwenye dirisha letu. Ninyi mnataka kujua nani hana, na tufanyeje aendelee kutokuwa nacho."

Asiye nacho ndiye niliyesimama kabatini.

Kwa mtu wa Kagera mistari miwili ile inabeba mengi. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walipatikana mkoani kwetu mwaka 1983, mwaka mmoja kabla sijazaliwa, na kabla ugonjwa haujapata jina rasmi watu walikuwa wakiuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda. Mzee aliyenifundisha cherehani alizikumbuka nguo zenyewe na waliozivaa. Sisi tunazika kibanjani, ndani ya migomba. Kwa bibi yangu ukienda kukata mkungu unapita makaburi manne, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefika miaka 40. Kwa hiyo nilipomwangalia mke wangu pale kitini nilianza kuhesabu, na mshauri akaona kwamba nahesabu. "Baba Koku," akaniambia, "hesabu hiyo ni ya zamani." Siku ile ile mke wangu akaanza dawa, kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake. Wenyewe wanakiita TLD.

Watu wachache ninaowaamini waliniuliza, nami nilimuuliza mshauri: imekuwaje mimi sina? Hapa nampa alama zake zote, kwa sababu hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema katika tendo la kawaida la mume na mke, uwezekano wa mwanamke kumwambukiza mwanamume ni takriban mara 4 katika matendo 10,000, na wa mwanamume kumwambukiza mwanamke ni kama maradufu yake. Niliposikia 10,000 mabega yakashuka. Akayapandisha tena: hizo ni wastani, na wastani hauijui nyumba yako. Mtu aliyeambukizwa karibuni damu yake imejaa virusi na anaambukiza kwa wepesi zaidi. Kidonda au ugonjwa mwingine wa zinaa unafungua mlango. Na ukicheza bahati nasibu kila wiki, siku moja namba yako inaitwa. Akaniuliza kama nimetahiriwa. Sisi Wahaya si jambo la mila, lakini nilikuwa nimefanya ile tohara kinga ya bure ya hospitali. Akasema imenisaidia, majaribio yameonyesha inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60, "lakini ingekuwa wewe ndiye unacho, tohara yako isingemkinga yeye." Halafu akasema neno ambalo mke wangu bado huniigizia nyumbani: "Hujaambukizwa mpaka leo, sawa. Lakini hujapewa mkataba."

Sasa kondomu. Nilikuwa na miaka 37, baba wa mtoto, nikijiona mjuzi. Kijana mmoja mwelimishaji rika, wa kumzaa, akaweka mezani uume wa mbao, umeng'aa kwa kushikwashikwa, akanipa pakiti. Nikaichana kwa meno. Akaipokea, akaitupa, akanipa nyingine. Hii nikaichana kwa vidole lakini sikusoma tarehe. Akaitupa. Ya tatu nikaivalisha bila kubana chuchu ya mbele, hewa ikabaki ndani kama puto. Fundi anayepima viuno vya watu kutwa nzima nimeshindwa kukivika kipande cha mti, na mke wangu pembeni amejifunika kanga mdomoni, mabega yanamtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu tupate majibu. Kijana akatufundisha pole pole: soma tarehe, sukuma mpira upande mmoja ndipo uchane upande wa pili, bana ncha, kunjua mpaka kwenye shina, na ukimaliza shika shina utoke kabla hujalegea. Mafuta ya mgando, ya nazi na ya mtoto marufuku, yanaudhoofisha mpira. Kama kumekauka, omba kilainishi cha maji. Sisi nyumbani tulikuwa na kopo zima la mafuta ya mgando, na hatukuwa tunapaka miguu tu.

Lakini kuna jambo kijana hakulisema, au alilisema mimi nikiwa bado naona aibu. Oktoba, Jumamosi, saa tano usiku, kondomu ikapasuka. Haikuvuka, haikuchomoka, ilipasuka kama bitana ya zamani. Mke wangu alikuwa na miezi miwili tu kwenye dawa na kipimo cha wingi wa virusi alikuwa hajafanyiwa. Tulikaa kitandani taa imewashwa, hakuna aliyesema neno. Asubuhi ya Jumapili nikaenda kituoni. Mlinzi akaniambia kliniki ile ni Jumatatu hadi Ijumaa, "kaka, ugonjwa huo hauna dharura." Nikarudi nyumbani. Hiyo ndiyo dosari ya kwanza ya kuandikwa kwa wino mwekundu, maana dharura ipo: dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na zisivuke saa 72, na chumba cha wagonjwa wa dharura cha jengo lile lile kingeweza kunianzishia Jumapili ile ile. Mlinzi hakujua, mimi sikujua, na pale getini hapakuwa na hata kikaratasi. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni. Saa 33. Sista mmoja mtu mzima alinipokea, hakunigombeza, akanipima, akanipa dawa za siku 28, kisha akaniuliza kondomu tulikuwa tunaziweka wapi.

Nilikuwa naziweka kwenye droo ya meza ya kazi, watoto wasizione. Juu ya meza hiyo, upande huo huo, ndipo ninapoegesha pasi ya mkaa.

Sista aliweka kalamu chini. "Miezi miwili umekuwa ukizipiga pasi," akasema.

Baada ya zile siku 28, nilipimwa tena, nikawa bado sina, na bila kuacha hata siku moja wakanihamishia kwenye dawa kinga. Wengi wanaiita PrEP. Ni kidonge kimoja kila siku kwa mtu ambaye hana VVU, ili virusi vikifika vikute mlinzi yuko macho. Kabla ya kunipa walipima figo na homa ya ini. Waliniambia sitaimeza maisha. Ni daraja la kuvukia mpaka dawa za mke wangu zifubaze virusi vyake na vipimo vithibitishe. Lugha hiyo ya daraja nimeipenda, na si ya kubuni. Na dawa yenyewe ilijaribiwa kwa majirani zetu. Wenza 4,747 wa Kenya na Uganda, mmoja anacho mwingine hana, kama sisi, na matokeo yalipotoka mwaka 2012 dawa ile ya mchanganyiko ilikuwa imepunguza maambukizi kwa asilimia 75, wavivu wa kumeza wakiwa ndani ya hesabu hiyo hiyo. Kwa waliokutwa kweli na dawa kwenye damu, kinga ilifika kama asilimia 90.

Dawa yenyewe, kama bidhaa: wiki mbili za kwanza kichefuchefu cha asubuhi na tumbo kujaa gesi. Mke wangu na mimba yake alikuwa akinitazama natema mate akasema sasa tuko sawa. Ikaisha. Tulikuwa tunameza saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza, yeye chake mimi changu, glasi moja ya maji. Sikuruka hata mara tano kwa mwaka wote, na si kwa ushujaa, ni kwa sababu tulikuwa wawili.

Chupa ndiyo tatizo. Vidonge 30 ndani ya chupa ya plastiki ngumu, na chupa yangu nilikuwa naiweka kwenye droo ya cherehani. Sasa wewe kanyaga cherehani. Kila nikianza mshono mrefu, droo ikaanza kulia chaka-chaka-chaka, nikisimamisha mguu nayo inanyamaza. Mwanafunzi wangu akauliza, "Fundi, umenunua kayamba?" Na wateja wa rika langu wanaijua sauti ile, hata ukiiita kayamba wao wanasikia ngoma, na ngoma mtaani maana yake ni UKIMWI. Nikataka kuvihamishia kwenye kopo la vifungo. Sista akakataa, unyevu utaviharibu, visitoke kwenye chupa yake. Dawa ya kelele ni pamba safi ya hospitali, uijaze juu ya vidonge. Ushauri huu ungeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ungeokoa watu wengi kuliko yale maandishi madogo ya Kiingereza.

Kosa la pili la chupa ni kwamba inafanana na ya ARV, dawa za wenye VVU. Januari 2022 mke wangu alijifungua, mama yangu akaja kumwogesha mtoto, akafungua droo kutafuta sindano. Mama hasomi Kiingereza, lakini chupa hizo amewauguza nazo ndugu zake. Aliiweka juu ya cherehani, akaniita kwa jina langu la utoto, akaniambia nimemletea mtoto wa watu ugonjwa na bado naweza kukaa namtazama ananyonyesha. Mke wangu alikuwa jikoni anakoroga uji. Nikasikia mwiko umesimama.

Sikumjibu mama. Nilirudisha chupa kwenye droo, nikaendelea na mshono. Tangu siku hiyo mama ni mpole kwa mke wangu kuliko alivyowahi kuwa kwa mtu yeyote, na mimi hunitazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. Tumeacha hivyo. Mke wangu alishataka kumweleza mara mbili. Nimemwambia asubiri, na kila tukisubiri mama anazidi kumletea senene.

Nirudi kwenye huduma. Dirisha la dawa nalipa nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni kwa sababu dawa hazikuwahi kukosekana hadi tulipofika mwaka wa nne. Mke wangu ana kadi ya kliniki yenye namba yake, tarehe zake, kila kitu. Mimi nilikuwa naandikwa kwenye daftari la mistari, na kwa kuwa daftari lilihitaji namba, waliandika ya mke wangu na mbele yake neno Mwenza. Mwaka mzima hilo ndilo lilikuwa jina langu. Foleni ikifika kwangu: "Kadi?" Sina. "Kama huna kadi umefuata nini hapa?" Nikae nieleze, benchi zima limenyamaza linasikiliza, mwisho sauti inatoka dirishani: "Aaa, wewe ni yule wa kinga!" Waliokuwa na virusi walihudumiwa kwa namba, kwa staha, kimya kimya. Mimi nisiye navyo ndiye niliyetangazwa. Nilimwambia sista, akasema mfumo mzima umejengwa kumhesabu anayeumwa, yule wa pembeni yake ni nyongeza. Ndicho kiti nilichokuwa nakisema. Mtu pekee ambaye kazi yote ile inafanywa ili asiambukizwe, ndiye aliyekosa pa kukaa. Na wanaume ninaowajua mimi, ukiwasimamisha mara mbili, ya tatu hawaji.

Kipimo cha kujipima mwenyewe nacho nimekitumia. Sheria yetu iliruhusu kujipima tangu marekebisho ya mwaka 2019, na kwenye miadi fulani walinipa kimoja niende nacho nyumbani. Unapitisha kijiti kwenye ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa cha maji yake, unasubiri dakika 20. Niliweka saa ya simu. Mke wangu anamenya ndizi, mimi nimekaa mbele ya kile kijiti kama mtu anayesubiri mkate uumuke. Mstari mmoja. Kizuri chake ni faragha, hakuna kidole kutobolewa wala mtu kukuita. Udhaifu wake ni kwamba hakioni maambukizi ya majuzi. Unapaswa kurudia baada ya miezi mitatu. Aliyekwisha kuanza ARV asikitumie kabisa, kinaweza kumdanganya kuwa amepona, na ninamjua mtu aliyeacha dawa kwa sababu hiyo. Kikionyesha miwili si majibu ya mwisho, nenda ukapimwe upya. Na anayemeza dawa kinga, miadi ya kutobolewa kidole iko pale pale.

Sehemu ambayo natoa nyota tano bila kusita ni siku ya majibu ya wingi wa virusi. Cha kwanza, mke wangu akiwa na miezi mitatu kwenye dawa, virusi vilikuwa bado vinahesabika, lakini kwa mamia tu. Mei 2022 majibu yakaja: havikuonekana. Miezi sita baadaye tena: havikuonekana. Mshauri akatuita wote wawili, akaniambia daraja nimeshavuka, dawa kinga naweza kuacha, na kondomu ni hiari yetu. Mimi nikakataa kuelewa. Nimekulia kwenye makaburi ya migombani, halafu mtu ananiambia kwa uso mkavu kwamba mke wangu mwenye VVU hawezi kuniambukiza?

Hapo akafanya jambo ambalo hakuna bango lililowahi kunifanyia. Akanyoosha mkono upande wa Mutukula, mpakani na Uganda. "Rakai ya Uganda unaijua?" Naijua, nina wateja wa sare huko. Akasema kule kule waliwafuatilia wenza 415, mmoja anacho mwingine hana, wakati ambapo ARV bado hazijafika vijijini, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Virusi vilivyokuwa vingi kwenye damu ndivyo vilivyoambukiza. Na pale ambapo anacho alikuwa na chini ya nakala 1,500 kwa mililita, hawakupata hata mwenza mmoja aliyeambukizwa. Dawa za siku hizi zinamshusha mtu mbali chini ya hapo. Akaongeza utafiti wa Ulaya wa 2016, wenza 888, mume na mke wakiwa ndio wengi, walikutana bila kondomu zaidi ya mara 58,000 huku mwenye VVU akiwa amefubaza, na hakuna aliyeambukizwa na mwenzake.

Nikamuuliza nani alikuwa akihesabu.

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini Rakai ndiyo iliyonishawishi. Ulaya ni mbali, huenda damu yao ina mambo yao. Rakai naijua barabara yake na vumbi lake. Alitutahadharisha mawili: kinga hii inaishi ndani ya kile kidonge cha saa mbili usiku, kikiachwa virusi vinarudi ndani ya wiki chache, na haizuii kisonono, kaswende wala mimba. Mimba hatukutaka kuizuia. Wa pili alishapimwa mara ya mwisho akiwa na miezi 18, Julai 2023, akawa salama, na 2024 tukatafuta wa tatu kwa njia ya kawaida, kama watu.

Kisha ikaja 2025. Januari Marekani ikasitisha misaada, na fedha za mpango wao wa UKIMWI ndizo zilizokuwa zikiwalipa nusu ya watu niliowataja hapa. Februari tulikwenda miadi, mke wangu ana mimba ya miezi minane, damu ikachukuliwa, majibu tukaambiwa wiki mbili. Yule kijana wa uume wa mbao hayupo. Anayepiga simu za kukumbusha hayupo. Chumba cha mshauri kilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza viti vyote viwili vilikuwa vitupu. Nilikaa. Tulikaa wote wawili, tukatazama ukuta, tukaondoka.

Wiki mbili zikawa nne, zikawa sita. Mtoto alizaliwa Machi majibu hayajarudi. Nikasema basi nirudi kwenye dawa kinga kwa muda, moyo utulie. Dirishani dada akaniambia, kwa upole safari hii, kwamba agizo jipya la wafadhili ni dawa kinga kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Nilijitazama. Mimba sina, na sinyonyeshi. Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Waitu, hata wewe?" na tukacheka kicheko kile cha msibani. Tukarudi kwenye kondomu wiki zote hizo. Majibu yalipokuja, havikuonekana. Mtoto alitobolewa kisigino akiwa na wiki sita, tone la damu kwenye karatasi, naye yuko salama.

Sasa hivi huduma imekonda lakini ipo. Sista wa serikali ndiye anafanya ya mshauri, ya mwelimishaji na nusu ya dirishani, na ushauri uliokuwa dakika 40 sasa ni kumi. Ukiwa mgeni, kumi hazitoshi. Wanasema kuna sindano ya kinga ya kuchoma mara moja kila miezi sita. Kwenye majaribio yaliyotangazwa 2024, Uganda na Afrika Kusini, wasichana na wanawake zaidi ya 2,000 waliochomwa hakuambukizwa hata mmoja. Ikifika dirishani kwetu itamaliza habari ya kayamba. Kwa leo kituo nakipa nyota tatu na nusu. Ya nne wangeipata kwa kikaratasi getini chenye maneno "saa 72".

Wenza wanapokelewa Alhamisi kuanzia saa nane mchana, benchi likiwa limepungua watu. Nendeni wawili. Wewe usiye nacho, ukiingia tu dai kadi yako mwenyewe, siku hizi zipo, usikubali daftari. Ukutani karibu na kabati la mafaili kuna kibenchi kifupi walichokiomba chumba cha chanjo, kivute, ukae. Kondomu ziko kwenye kisanduku cha mbao nje ya mlango, hakuna anayekutazama, chukua za kutosha, na nyumbani uziweke mbali na pasi.